Na Waliompigia Gitaa?

Ninaendesha kipindi cha zilipendwa katika redio moja ndogo hapa Tabora mjini, na kwa sababu hiyo habari za misiba ya wasanii hunifikia kabla sijanywa chai. Simu huanza kulia alfajiri. Huyu anauliza kama ni kweli, yule anataka apigiwe wimbo fulani, mwingine hana haja nyingine ila kusimulia alikuwa wapi siku aliyomsikia marehemu kwa mara ya kwanza. Kazi hii imenifunza mengi, lakini lililonikaa zaidi ni namna ya kumkumbuka mtu aliyetuburudisha. Nimeona kwamba mtu anaweza kumlilia msanii kwa sauti kubwa na papo hapo akawa anamsahau.

Nianze na Novemba 2024, maana mwezi ule ulitubana. Tarehe 2 alifariki Grace Mapunda, mwigizaji ambaye wengi walimjua kwa jina la Tessa, kutoka tamthilia ya Huba. Hatujamaliza kumzungumzia, tarehe 15 akatutoka mwanamuziki wa dansi Kikumbi Mwanza Mpango, King Kikii, akiwa na miaka 77. Wiki zile mbili nilishinda studio, chakula changu kikiwa maembe ya kununua pale nje, kwa kuwa ndio ulikuwa msimu wake.

Watu hawaombolezi kwa namna moja. Walionipigia kwa ajili ya Grace walikuwa kina mama wa sokoni na wasichana wa saluni, na karibu wote walimtaja kwa jina la uhusika wake, kana kwamba alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Mama mmoja muuza mchele aliniambia, "Dada, yule mama alikuwa anayasema maneno ambayo mimi nashindwa kumwambia wifi yangu." Kwangu mimi hiyo ni sifa inayozidi tuzo yoyote. Mwigizaji anayecheza nafasi za mama, za shangazi, za mama mkwe, mara nyingi hawekwi mbele kwenye picha ya tangazo. Lakini yeye ndiye anayeibeba nyumba ya mchezo. Vijana wawili wakigombana kwenye tamthilia, mtazamaji anageuza macho kumtazama mama atasemaje. Akiondoka huyo, mchezo unaendelea, ila nyumba inabaki bila mtu wa kumuuliza.

Simu za King Kikii zilikuwa za aina nyingine kabisa. Zilikuwa za wazee, nao hawakulia, walibishana. Mmoja anasema huyu alikuwa mtu wa Maquis, mwingine anakataa, anasema wa Orchestra Safari Sound, wa tatu anadai Double O ndiyo ilikuwa nyumbani kwake, na wadogo kidogo wanamjua kwa La Capitale, Wazee Sugu. Wote walikuwa sahihi, kwa sababu alipita kote huko. Nikawaacha wabishane hewani. Mabishano ya wazee kuhusu bendi ni namna ya kuomboleza, na ni namna nzuri, maana kila anayebisha analeta jina, mwaka na ukumbi ambao mwenzake alikuwa ameshausahau.

Fundi mitambo wetu ni kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000. Nilipoweka "Kitambaa Cheupe" akanigeukia, "Kumbe huyu ndiye mwenye huu wimbo?" Ameucheza tangu mtoto. Kwenye harusi za hapa, wimbo huo ukilia, hata bibi aliyekuwa amesinzia kwenye kiti atanyanyuka na leso mkononi. Kijana wa watu alikuwa ameupunga mkono wake kwa wimbo ule maisha yake yote na hakuwahi kuuliza ni wa nani. Nilimweleza: mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Kongo ambao watu wake wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo alipofika Tanzania hakufika kama mgeni wa lugha. Alifika akiwa na Kiswahili cha kwao, nacho kikakutana na cha Dar es Salaam. Sisi wa njia ya reli ya Kigoma tunakielewa kitu hicho upesi. Mjomba wangu wa Ujiji amekulia kwenye redio za ng'ambo ya ziwa, na kwake muziki wa Kongo haukuwahi kuwa wa kigeni. Ulikuwa muziki wa upande wa pili wa maji, basi.

Siku ile sikumtaja King Kikii peke yake. Nilitaja na wenzake, kila niliyekuwa na uhakika naye, na chombo alichopiga. Hilo nililifundishwa mwaka 2014, na mwalimu wangu hakuwa mtu wa redio.

Desemba ya mwaka huo alifariki Shem Karenga. Kwa mtu wa Tabora jina hilo halihitaji maelezo, lakini kwa wasomaji wa mbali nitasema. Alizaliwa Bangwe, Kigoma, mwaka 1950. Akaanza muziki kijana mdogo na Lake Tanganyika Jazz ya kulekule Kigoma, kisha mwaka 1972 akaja kwetu, akajiunga na bendi ya Tabora Jazz, wana Segere Matata, kama mtindo wao ulivyoitwa. Wimbo wa "Dada Asha" ni wake. Kigoma wanasema ni mtoto wao, Tabora tunasema ni wetu, na sioni sababu ya kuwapatanisha watu wanaogombea kitu kizuri kama hicho.

Nilikuwa mgeni pale redioni. Tanzia ilisomwa kwenye taarifa ya habari, wimbo ukapigwa, mambo yakaendelea. Mchana wake akaja mzee mmoja kwa miguu kutoka Ng'ambo, na hapo nasema mtaa wetu wa Ng'ambo, si ng'ambo ya ziwa. Amevaa koti, baragashia kichwani, bahasha ya khaki kwapani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akakaa. Ujanani mwake alikuwa akikata tiketi mlangoni kwenye madansi ya bendi za hapa. Hakuwahi kupiga chombo chochote, wala hakuwahi kuimba. Alikuwa mtu wa mlangoni.

"Binti yangu," akasema, "ninyi wa redio mmemtaja mwimbaji. Mmefanya vizuri. Na waliompigia gitaa? Au mnadhani alikuwa akiimba peke yake njiani?"

Akaitoa picha kwenye bahasha. Nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa. Ni bendi moja ya hapa, si Tabora Jazz, vijana wamesimama na vyombo vyao, mashati meupe yote. Nyuma ya picha kulikuwa na majina kwa penseli, lakini hayakutosha watu. Akaweka kidole juu ya kijana mmoja mwenye besi. "Huyu sina jina lake. Nilimfungulia mlango kila Jumamosi, aingie bila tiketi. Jina tulilokuwa tunamwita lilikuwa la utani, na la utani nalo limenitoka." Mzee alikuwa amehuzunika kweli. Hakuwa akimlilia Shem Karenga, ambaye alijua atakumbukwa. Alikuwa akimlilia yule wa besi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza muziki wa dansi ulivyokuwa ukifanywa, na kadiri ninavyouliza ndivyo ninavyoona mzee alikuwa na haki. Mtunzi alikuja mazoezini na maneno na sauti. Mpiga solo akatafuta pa kuingilia, wa rithim akaujaza wimbo katikati, wa besi akaushika usianguke, wa tumba na wa drams wakaamua watu watachezaje, na wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni wakaweka jibu pale mwimbaji alipovuta pumzi. Wimbo uliotoka hapo ulikuwa wa watu wote hao. Halafu wakasafiri kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, wote katika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja akikosea, wanarudia wote. Nyimbo zilizopata bahati ya kuwa santuri mara nyingi zilipelekwa Kenya kuchapwa. Kwenye lebo ile ya duara palikuwa na jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi. Mpiga besi hapakuwa na nafasi ya kumwandika.

Na Tabora si mji wa kupuuzwa katika habari hii. Mji mmoja, na ukawa na Kiko Kids, ukawa na Nyanyembe Jazz, ukawa na Tabora Jazz. Salum Zahoro wa Kiko Kids, hata uzeeni, alikuwa bado anapiga muziki na Shikamoo Jazz kule Dar es Salaam. Mtoto wa sekondari wa leo ukimuuliza muziki wa Tabora atakutajia wasanii wa Kigoma, kwa sababu ndio anaowaona kwenye simu. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba mtaa anaopita kwenda shule uliwahi kujaa watu Jumamosi usiku, wakitoka Cheyo, Isevya na Kanyenye kuja kusikiliza gitaa.

Basi nikajiwekea utaratibu. Nina daftari la kurasa nyingi, kila bendi na sehemu yake. Mtu akinipa jina la mpiga chombo, naliandika pembeni kwa penseli. Akija wa pili akalitaja bila kuambiwa na mimi, naliandika kwa wino. Wakipishana, naandika yote mawili na kuyaacha. Msanii akifariki, nafungua ukurasa wake, na kabla ya wimbo nasema: mwimbaji ni huyu, solo fulani, besi fulani, na ninaowajua wote. Hii inachukua nusu dakika tu ya hewani. Lakini baada ya nusu dakika hiyo ndipo simu zenye maana huanza kuingia. "Huyo wa tumba uliyemtaja ni babu yangu." "Huyo wa saksafoni bado yupo, anaishi Urambo, miguu tu ndiyo inamsumbua." Watu hawa wamekaa miaka wakisikia wimbo wa baba yao ukipigwa bila baba yao kutajwa.

Kuna misiba ambayo ilinifunza kwa njia nyingine, kwa uchungu wa kuona kinachobaki. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake ikiwa Pasaka. Alikuwa na miaka 28. Kwao ni Shinyanga, jirani zetu, na hapa mtaani kwetu vijana walikuwa wakibanana kwenye mabanda ya video kumtazama. Pasaka ile haikuwa Pasaka. Siku ya mazishi yake Kinondoni, tarehe 10, wenye televisheni walizitoa barazani ili majirani wote waone. Kisha misiba ikafuatana: mchekeshaji Sharo Milionea, ajalini Muheza, Novemba mwaka huohuo, mwigizaji Sajuki, siku ya pili ya mwaka 2013, Bi Kidude wa taarab Aprili, msanii wa hip hop Albert Mangwea Mei, akiwa Afrika Kusini. Ilifika mahali mama yangu akasema redio hii naizima, sitaki tena kuambiwa.

Sasa miaka imepita. Muulize kijana leo habari za Kanumba. Atakusimulia usiku aliofariki, nani alikuwepo, kesi ilikwendaje, nani alisema nini mahakamani. Yote hayo anayo kichwani, naye wakati ule alikuwa hajaanza hata chekechea. Muulize alifanya nini katika filamu, anasita. Hajui kwamba Kanumba aliwatafuta waigizaji wa Nigeria akafanya nao kazi, watu kama Mercy Johnson na Ramsey Nouah, wakati ambapo filamu zao ndizo zilikuwa zimejaa mabanda yetu na wengi wetu tukiamini hatuwezi kuwafikia. Hajui kwamba kijana wa Shinyanga aliamini, akathubutu, na vijana wa mikoani wakaanza kununua kamera. Kifo kimekaa juu ya maisha na kuyafunika. Hilo linaniuma kila Aprili, na kila Aprili nafanya kipindi ambacho kinataja kifo chake kwa sentensi moja tu, halafu muda wote uliobaki tunazungumza kazi. Wapo wanaolalamika. Wanataka ule usiku. Siwapi.

Lingine nililojifunza ni kungoja. Mchekeshaji King Majuto, mzee wetu Amri Athumani wa Tanga, alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla hajafa. Fikiria mke na watoto wa mtu, baba yao yuko kitandani anaumwa, na simu zinaingia za rambirambi. Aliugua, akapelekwa hadi India kutibiwa, akarudi. Ilipofika usiku wa Nane Nane mwaka 2018, nilikuwa nimetoka viwanja vya Ipuli kwenye maonyesho, miguu imejaa vumbi, ujumbe ukaanza kuingia tena kwamba Majuto amefariki Muhimbili. Tulisubiri. Bosi wangu wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye msimamo, akasema hakuna kusoma chochote mpaka familia iseme au hospitali iseme. Redio nyingine zikatutangulia, na hakuna aliyepungukiwa kwa sisi kuchelewa. Safari hii ilikuwa kweli. Tukasoma, na tukasoma vizuri, kwa jina lake kamili na mji wake.

Nikikumbuka ugonjwa wake nakumbuka pia jambo la mikataba. Uso wa Majuto ulitumika kwenye matangazo mengi ya biashara, kila mtu aliuona, na alipokuwa hoi kitandani ndipo nchi ikaanza kuuliza alilipwa nini. Suala hilo lilifika kwa waziri mwenyewe wa habari na michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, na kamati ikaundwa kuipitia mikataba ya wasanii. Miaka yote tuliyokuwa tunacheka, hakuna aliyeuliza.

Mwimbaji Muhidin Gurumo naye. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu, alisema amekaa kwenye muziki miaka 53 na hajawahi kumiliki gari. Huyu ni mtu wa NUTA Jazz, wa Mlimani Park, wa Msondo. Mtu ambaye sauti yake ilisikika nchi nzima enzi ambazo redio ya taifa ndiyo ilikuwa redio peke yake. Diamond Platnumz, kijana mwenye asili ya Kigoma, akampa gari, na picha zikasambaa. Aprili 2014 mzee akafariki, hata mwaka haukutimia. Nimewasikia watu wakisema zawadi ile ilichelewa. Mimi nasema ilifika, kwa sababu aliipokea kwa mikono yake na akacheka. Zawadi nyingi za wasanii wetu hufika makaburini, zikiwa maua na risala. Ila napenda pia tuulize inakuwaje miaka 53 ya kazi isimpe mtu gari. Wanamuziki wengi wa dansi walikuwa waajiriwa wa bendi zenye wenyewe. Gitaa halikuwa lake, kipaza sauti hakikuwa chake, na akihama bendi anaondoka na sauti yake tu.

Hapo ndipo utaratibu wangu wa kutaja majina ulipokutana na jambo ambalo sikulitarajia. Mjane mmoja wa hapa mjini alinifuata. Mumewe alikuwa mtunzi katika bendi, amefariki zamani kidogo, na nyimbo zake bado zinapigwa, hata mimi nazipiga. Alitaka kujua kama ana haki yoyote. Sikujua jibu, nikaenda kuuliza. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999, na inasema haki ya mtunzi huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa maana hiyo nyimbo alizotunga Shem Karenga, kama zile za Gurumo, zina mwenyewe hadi mwaka 2064. Watoto wa wajukuu wanaweza kuwa wanasomea fedha hizo.

Lakini haki hiyo haijileti yenyewe mlangoni. Mama yule alihitaji cheti cha kifo. Alihitaji kikao cha ukoo kimpendekeze, kisha aende mahakama ya mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Alihitaji orodha ya nyimbo za kupeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na zaidi ya yote alihitaji kuonyesha kwamba nyimbo zile kweli ni za mumewe, kwa sababu kwenye rekodi nyingine palikuwa na jina la bendi pekee. Nani atathibitisha? Waliokuwepo mazoezini siku wimbo unaletwa. Mpiga rithim. Mpiga tumba. Wale ambao hatuwataji. Tulifungua daftari langu, tukapata majina matatu, mawili kwa wino. Mmoja alikuwa amefariki. Mmoja tukampata Nzega, mzee mwenye kumbukumbu kali kabisa, akasema, "Huo wimbo aliuleta Jumanne, umeandikwa kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, na mwanzoni hatukuupenda." Akakubali kuandikisha maelezo yake. Shauri bado linaendelea ninapoandika haya. Mama ameshapata barua ya usimamizi, na hilo peke yake limemnyoosha mgongo.

Kwa hiyo sasa siku zangu nyingi za mapumziko nazitumia kuwatembelea walio hai. Nimeona kinachofaa na kisichofaa. Ukimuuliza mzee "ulianzaje muziki," anakupa jibu lilelile alilowapa waandishi wote, fupi na kavu. Ukimwekea wimbo wake kwenye simu ukakaa kimya, mkono unaanza kutembea kwenye goti, na habari zinakuja zenyewe, na majina. Ukimkutanisha na mwenzake wa bendi ni bora zaidi, kwa sababu mmoja akitia chumvi mwingine anamrudisha. Nenda asubuhi, wazee huchoka mchana. Usiende mikono mitupu: kilo ya sukari, sabuni, na kama umemtoa kwake mpe nauli ya kurudi na ya ziada. Usimpige picha akiwa hajajiweka sawa. Na akikuambia jambo la mtu mwingine, la ugomvi wa zamani au la mwanamke wa fulani, liache hapohapo, hata kama ni tamu. Wana wa watu wanasikiliza redio.

Nisemavyo haya, si kwamba kazi ni ya huzuni. Mzee mmoja wa Kiloleni alinichekesha nusu saa nzima akieleza walivyosafiri na treni kwenda kupiga dansi Kigoma, ngoma zimejaa kwenye behewa la tatu, na kila stesheni abiria wanadai wapigiwe moja. Kufika Uvinza, anasema, walikuwa wameshamaliza nyimbo zote za dansi lenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Sauti ile ninayo, na siku yake ikifika, nitawapigia watu kicheko hicho kabla ya wimbo wowote.

Ninalo ombi. Kama kwenu kuna picha ya zamani ya bendi, ya kwaya, ya kikundi cha ngoma au cha maigizo, mpelekee leo mzee anayeweza kuisoma. Andika nyuma yake kwa penseli laini, maana wino hupenya: nani ni nani kuanzia kushoto, kashika chombo gani, mwaka upi, ukumbi upi. Kisha ipige picha kwa simu, pande zote mbili, na umtumie ndugu mmoja aliye mbali.

Na ile picha ya mzee wa mlangoni sasa ninayo mimi. Aliniachia alipoona macho yake hayamsaidii tena. Kijana wa besi ni wa pili kutoka kulia, mrefu, ameacha kifungo cha juu wazi, na gitaa amelishika kama mtu anayepiga kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo si la kawaida na huenda likamsaidia mtu kumkumbuka. Alikuwa Tabora, na kila Jumamosi aliingia bila tiketi. Anayemjua, au aliyewahi kusikia nyumbani kwao habari za mpiga besi wa mkono wa kushoto, aniletee jina lake. Akitokea na wa pili wa kulithibitisha, kipindi kinachofuata nalisoma hewani.